Magari ya Wenyewe

Mdogo wangu,

Niwie radhi kwa ukimya huu. Mwanao hajambo, na amenenepa. Kiwanda chetu kimeunganisha magari ya kampuni nyingi, na kila mkataba ulipokwisha wenye magari walikwenda zao. Mwanao hutania: "Mjomba, sisi wakunga. Tunazalisha, watoto wa wenyewe."

Sasa kampuni ya mwisho inahamishia kazi ng'ambo, na vijana wote wataachishwa kazi. Mimi peke yangu nimeitwa nikawafundishe mafundi wa huko. Mwanao nilimleta mimi hapa kiwandani, nami nilipaswa kukataa papo hapo. Badala yake nilimwuliza meneja kama nyumba nitakayopewa ina maji.

Mwanao alikuwa mlangoni. Akaniambia kwa upole, "Umeuliza vizuri, Mjomba. Maji ni muhimu."

Meneja bado sijamjibu. Nikishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako