Siku Walipogawa Kiti Chako

Yaya Shabani, kaka yangu mkubwa,

Kumuuliza marehemu hali yake si adabu, kwa hiyo nairuka salamu niende kwenye maneno. Mama hajambo. Baba bado anafanya kazi pale stesheni. Mimi, mdogo wako Zaina, nina wivu, na wivu wenyewe ni juu yako wewe uliyelala chini ya udongo wa Lubumbashi, mbali na sisi sote. Usinicheke.

Tangu habari ifike kwamba homa imekuchukua huko chuo kikuu na kwamba wamekwisha kukuzika, nyumba hii haitaji jina lingine. Watu walilala matanga hapa uani bila maiti. Hata wa ng'ambo ya mto, wale wa Alunguli, walivuka kwa mitumbwi kuja kukulilia. Fundi mmoja wa reli, ambaye hukuwahi hata kumsalimu, alilia mpaka akapewa kiti. Nikajiuliza: ningekufa mimi, nani angevuka mto? Nililia kwa uchungu, Yaya, Mungu anajua. Lakini ndani ya uchungu ule wivu ulikuwa umekaa, umekunja miguu kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

Wala si wa jana. Kila likizo ulipokuja kuku alichinjwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yako, kwa sababu mwanamke haili. Sawa, firigisi nimekusamehe. Kilichonikwaruza ni maswali yako. Likizo ile ya mwisho ulisema mwalimu wenu wa sosiolojia amewatuma kila mmoja kwao, akaulize ni nani mwenye neno katika ukoo. Ukamhoji Baba. Ukamhoji Baba Mkubwa, naye akavaa kofia kabisa. Ukamhoji Mama jikoni huku anatwanga majani ya muhogo ya sombe, akakueleza mambo ya usichana wake ambayo mimi, ninayetwanga naye kila siku, sijawahi kuyasikia. Ulimhoji hata binamu yetu Ramazani, mtu asiyejua kumaliza sentensi. Mimi nilioga, nikavaa kitenge cha sikukuu, nikakaa kwenye mkeka kungoja zamu yangu. Wewe ukafunga kalamu, ukasema, "Weye nakujua muzuri, Zaina. Hakuna haja ya kukuuliza."

Nikainuka, nikaenda kuteka maji. Kitenge cha sikukuu, na ndoo kichwani!

Sasa sikiliza yaliyotokea siku ya arobaini yako. Baada ya Fatiha wazee waligawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Redio ilikwenda kwa Baba. Abakosti yako ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, alipewa Ramazani, kwa kuwa mabega yenu yalilingana. Halafu Baba Mkubwa akakohoa, akasema, "Bado iko kitu moja. Nafasi yake kule iniverisite. Serikali ilipatia ukoo wetu kiti, haiwezi kubaki hivi bure." Wazee wakaitikia. Yaya, walikigawa kiti chako cha chuo kikuu kama shamba la mpunga, na hakuna aliyeona ajabu! Kikaenda kwa huyo huyo Ramazani, aliyeiacha sekondari katikati akaenda kuchimba madini kule Kampene. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la wali, na diploma yangu ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, iko ndani ya sanduku la Mama, wino haujakauka vizuri. Mtu mmoja, sikumbuki nani, alinitaja. Baba Mkubwa akamkata: "Mwanamuke harithi kiti ya mwanaume. Ataipeleka kwa bwana yake."

Nikaweka sinia chini. Hakuna aliyenigeukia.

Basi Ramazani akaenda. Kiongozi wa Chama hapa mtaani alimwandikia karatasi kwamba yeye ndiye mrithi halali, akaigonga muhuri, maana katika nchi hii tumezoea kuamini kwamba muhuri hufungua kila mlango. Akapanda treni na abakosti yako mwilini. Nilimwona dirishani anapunga mkono kama waziri. Nikaomba treni ikwame porini, samahani.

Haikukwama. Lakini alirudi, na anasimulia mwenyewe bila haya, mdomo umejaa ndizi. Wale wa ofisini walisoma karatasi yake, wakaitana, wakaisoma tena, wakacheka mpaka wakamwagizia chai. Wakamwambia, "Mwananchi, hapa kila mutu anaingia na diploma yake." Rafiki zako wakamkabidhi kikombe chako cha bati na godoro lako la sponji, kisha wakampeleka kaburini kwako. Hata kaburi lako Ramazani ameliona kabla yangu! Hilo lilinichoma kuliko kiti.

Jioni ile Baba hakula. Alikishika kile kikombe, akakigeuzageuza. Halafu akainua macho, akasema, "Zaina, na weye unataka nini?"

Yaya, sikuwahi kuulizwa hivyo tangu kuzaliwa. Nilikusanya sahani, nikaenda kuziosha zote, hata zilizokuwa safi. Niliporudi mikono ilikuwa bado inachuruzika maji. Nikasema nataka kwenda kusoma, kwa diploma yangu mwenyewe, si kwa kiti cha mtu. Akakiweka kikombe chini. Kisha akamwambia Mama afungue sanduku. Baba Mkubwa amenuna hadi leo.

Jibu limekuja kutoka Lubumbashi. Mimi niliomba sheria, wao wamenipanga sayansi za jamii, kitivo chako, na wewe unajua kwamba huko hawabishiwi. Niliposoma nilitamani kuichana ile karatasi. Hata huko umenitangulia! Walimu wataniambia, "Kumbe wewe ni mdogo wake Shabani," nami nitatabasamu huku moyo unawaka.

Kesho napanda treni. Mama amenifungia mchele na mawese, na leo mchana alichinja kuku. Firigisi aliiweka kwenye sahani yangu. Baba akatazama pembeni. Niliila polepole, ngumu kidogo, haina utamu mkubwa hivyo. Nilitamani uwepo nikuulize kama ni hiyo hiyo uliyokuwa ukiila mbele yangu kwa madaha.

Nikifika nitakuja kwako kwanza, kabla ya ofisi, kabla ya kutafuta kitanda. Nitapalilia, nitakusomea Fatiha, halafu nitakusomea barua hii yote, na hutaweza kuondoka. Kuacha wivu sikuahidi. Nakuahidi jambo moja tu. Siku watakaponituma nyumbani na kalamu, niulize ni nani mwenye neno katika ukoo, nitaanza na yule aliyesimama mlangoni na sinia. Nitamwambia aketi. Nitamuuliza, hata kama namjua.

Lala salama, Yaya.

Mdogo wako ambaye hukumuuliza,
Zaina