Dagaa wabichi chini ya gunia

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Kiabakari tupo. Mama yako anapalilia mihogo, na kikohozi cha babu yako kimekwisha. Umeuliza kwa nini nataka mashine ya kupimia sukari nyumbani wakati kliniki naendaga kila mwezi.

Nilipokuwa msichana kule ziwani, nilifunga gunia la dagaa, wabichi chini, wakavu juu. Mnunuzi akatia mkono, akaridhika. Kufika Bunda, gunia zima lilikuwa limeoza, naye akaturudishia. Mama hakunichapa. Alinituma nikalimwage mwenyewe.

Sasa kliniki nafanyaga vilevile. Siku tatu kabla ya kupimwa naacha ugali, nakula mchicha. Nesi anasoma namba, anasema, "Bibi, unaendelea vizuri." Wenzangu kwenye benchi nao hufanya hivyo hivyo. Tukirudi nyumbani tunakula tulivyozoea, na usiku miguu inaniwaka moto.

Kwa hiyo nitumie mashine, na zaidi stripu zake za kuwekea damu, maana hapa hazipo mpaka Musoma. Nitajipima hata baada ya pilau la harusi, na kila namba nitaiandika. Nesi nitampa daftari lote, na safari hii wabichi watakaa juu.

Bibi yako