Jina Lako Liko Mbele ya Hakimu

Kogo mpendwa,

Ijumaa hakimu atasoma uamuzi. Akikubali, nitaacha jina la yule mzee wa Kiptere aliyenizaa na kuandikwa kwa jina lako, Chelangat Taprandich. Akikataa, basi serikali itakuwa imesema hukuacha mtoto, na watoto wa shemeji yako, wanaotangaza kila mahali kwamba nyumba yako ilifungwa siku tuliyokuzika, watapata la kuringia. Naogopa, Kogo. Sijawahi kuogopa hivi.

Unakumbuka siku niliyoandikishwa shule pale Boito? Mwalimu alimwuliza mama jina la baba. Kwa mila baba yangu ulikuwa wewe, ingawa ulikuwa mwanamke. Mumeo alifariki bila kukuachia mtoto, ukatoa ng'ombe, ukamwoa mama ili watoto atakaozaa wawe wako. Lakini mama alikuwa ameokoka karibuni, na akina mama wa kanisani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ameolewa na mwanamke mwenzake. Akataja jina la mwanamume aliyenizaa. Ulikuwa umesimama mlangoni na sweta yangu mkononi, na ulisikia. Njiani uliniuliza tu kama mwalimu ni mkali.

Tangu hapo natembea na jina la mtu ambaye hajawahi kunishikia hata kikapu. Wewe ulinibeba mimi pamoja na kikapu, mvua ya alasiri ikitupiga katikati ya majani chai, huku ukiitukana mvua kwa Kikipsigis ambacho mama alinikataza kukirudia.

Na ile siku ya wazazi! Ulikuja ukaketi kwenye benchi la akina baba, mwavuli katikati ya magoti. Mwenyekiti akakuonyesha upande wa akina mama. Ukamwambia, "Mimi nilitoa ng'ombe. Wewe ulitoa?" Watu walicheka hadi mgeni wa heshima akauliza kuna nini. Mimi nilitamani kujificha chini ya dawati. Leo natamani ungekuwa umeketi mbele yangu mahakamani vivyo hivyo, na mwavuli wako.

Jioni ya siku hiyo nilikuuliza nikuite nani. Watoto wengine walikuwa na kogo wao, nyanya zao, na walikuwa na baba. Nilijaribu kusema "baba" nikashindwa. Ulikuwa unakamua ng'ombe, hata hukugeuka. "Niite vile unaweza," ukasema. "Mimi nitaitika." Nikaendelea na Kogo mpaka tukakuzika.

Ofisi ya usajili walikataa kubadilisha jina la baba bila amri ya korti, ndiyo maana tukapeleka ombi. Wakili alisema lazima mama atoe ushahidi. Hapo ndipo usingizi uliponiisha, kwa sababu mama hajawahi kuizungumzia ndoa yenu tangu aokoke. Nilipomwomba, alisema, "Hebu kwanza niombe," akaenda kuwapa ndama maji. Nilikuwa namwogopa yeye kuliko hakimu. Siku ya kesi nilikaa kwenye benchi la korti nikiangalia lango, na kila kitambaa cha kichwa kilichopita nilikitazama mara mbili.

Alikuja. Alikuwa na viatu vya kanisani na hakunisalimia. Hakimu akamwuliza, "Mama, uko na cheti cha ndoa?"

"Hakuna, mheshimiwa." Akavuta mkono wa sweta, akaonyesha kifundo cha mkono. "Alinifunga nyasi ya segutiet hapa, ile ya ndoa, wazee wakiona. Na mimi nikamfunga yeye. Huyo ndiye alinioa."

Kogo, alilia. Nami nikalia. Miaka yote hiyo nilidhani amekusahau.

Kisha wakaniita mimi. Wakili alikuwa amenifundisha niseme ulikuwa mlezi wangu, eti ni neno salama, halitamshtua hakimu. Nilikuwa nimelirudia tangu Mogogosiek mpaka mlango wa korti. Hakimu akauliza, "Huyu Taprandich alikuwa nani kwako?" Nikafungua mdomo.

"Baba," nikasema.

Kuna mtu alicheka kule nyuma. Wakili akainamisha kichwa. Hakimu aliandika kitu bila kuniangalia, akataja Ijumaa, akaita kesi nyingine. Sijui aliandika nini. Mama anasema nimefanya vizuri, lakini naye halali, namsikia akigeuka kitandani. Labda neno moja limetuharibia yote.

Lakini nimeshalisema, na watu walikuwepo. Nimekuita, na ulisema utaitika.

Ni mimi, mtoto wako,
Chelangat