Lutuku yenye mama anatema

Kamina, siku ya ine

Na leo tena mama ametema lutuku yangu, ile pombe kali ya mahindi.

Nilifanya yote kama yeye. Mahindi iliota mu saki ya kulowana, nikaikausha, nikaitwanga, nikaitia mu maji mpaka ikachacha. Nikaipika mu nyungu ya udongo, sababu fût, ile pipa ya chuma, inaharibishaka harufu. Moto kidogo kidogo, mvuke ikapita mu tuyau, ile bomba ya kupozesha, ikatoka pombe. Lakini pombe inachoma tu, haina ule utamu wa pombe ya mama wenye kubakia mu koo.

Tangu ugonjwa ilimukamata upande moja ya mwili, mama hasemake tena.

"Mama, kunapunguka nini? Ni kuni?"

Alikatala na kichwa. Nilimuletea maji, makaa, kila kitu ya jikoni. Alikatala yote, kisha akaanza kulia.

Tulibakia tunaangaliana, yeye na jibu mu kinywa, miye na kopo mu mukono.