Hodi kwa Mjane wa Ndani ya Kompyuta

Mpendwa dada Mumbi,

Wacha nianze kwa kukuchokoza, maana nikianza kwa heshima utajua mara moja kuna kosa nimefanya. Sijawahi kuona mtu akicheza mchezo wa kompyuta polepole kama wewe. Mimi nilitaka tufike mwisho wa safari tuue lile joka, na wewe wiki ya tatu bado ulikuwa kijiji cha kwanza unasalimia watu.

Baba aliibeba ile kompyuta kutoka ofisini kwao mjini walipokuwa wakitupa za zamani, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula pale kwetu Riruta, na kuanzia siku hiyo tukawa tunakula tumepakata sahani. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, mimi darasa la saba. Katika mchezo wetu ulikuwa msafiri mwenye upanga na mfuko, unapita vijijini, unaongea na watu, na kila mara unaambiwa uchague: umsaidie huyu au umpite, useme kweli au udanganye. Ukishachagua, mchezo haukusahau.

Siku ya kwanza niliingia nyumba ya mtu nikafungua sanduku lake na kubeba kila kitu, mwenyewe amesimama hapo ananitazama. Ndivyo michezo hiyo inavyochezwa, kila mtu anajua. Wewe ulinigonga vidole na mwiko.

"Kimani! Unaingia kwa watu bila hodi?"

"Si ni gemu tu?"

"Gemu ni ya kompyuta. Lakini mkono ni yako."

Basi ukawa unabisha hodi. Kwa sauti kabisa, umekaa kwenye stuli ya jikoni, kabla ya kubonyeza mlango wowote. Na kwa vile watu wa kompyuta hawajui kuitikia, kazi hiyo ulinipa mimi. Ukisema hodi, mimi nasema karibu, ndipo unaingia. Mama alikuwa akipita na karai la nguo anauliza, "Nyinyi mnakaribisha nani hapo?" Mimi nilikuwa naona aibu watoto wenzangu wa ploti yetu wasije wakasikia, lakini niliitikia kila mara, kwa sababu ulikuwa hubonyezi mpaka niitikie.

Jambo lingine ulilofanya kila siku, kabla ya hatua hata moja, ni kufungua mfuko wa yule msafiri na kuangalia kilichomo, kimoja kimoja, kama mama anavyoangalia kiondo akitoka sokoni. Nilikuwa nakucheka kwa hilo. Ningekuwa na akili ningelikumbuka mapema zaidi.

Jumamosi moja ulienda mazoezi ya kwaya, nikabaki na safari yako. Kulikuwa na mjane mwenye mtoto mgonjwa, na wewe ulikuwa umemletea dawa ya kumtibu siku saba. Akaiweka kwenye sanduku. Nje ya kijiji mfanyabiashara mmoja alikuwa anaitaka dawa hiyo hiyo, na malipo yake ni ngao ya chuma. Dada, ile ngao ilikuwa inang'aa. Niliingia kwa mjane bila hodi, nikafungua sanduku, akaniuliza kama nimeona dawa yake, nikachagua jibu la pili: hapana. Nilipopita tena na ngao yangu, kando ya nyumba kulikuwa na tuta dogo la udongo na msalaba. Nafasi ya kuhifadhi mchezo ilikuwa moja tu, na mimi nilikuwa nimeshahifadhi juu ya safari yako.

Nilizima. Nilijiambia ni rangi tu kwenye kioo, na bado githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, ilinishinda kula.

Uliporudi ukaketi, ukafungua mfuko kama kawaida, ukaangalia kimoja kimoja. Kisha ukaenda moja kwa moja kwa mjane. Ukabisha hodi, nami nikasema karibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mjane alikupa mgongo. Uliliangalia lile tuta muda mrefu.

"Kimani, ni mimi nilibonyeza vibaya?"

"Labda," nikasema. "Labda jana."

Ukageukia kioo ukamwambia yule mjane, "Pole sana." Hukunigombeza. Ulianza safari upya kutoka mwanzo, kazi ya likizo nzima, na mchezo ulipouliza jina la msafiri, badala ya Mumbi ukaandika Kimani.

"Mbona jina yangu?"

"Yangu imechoka."

Nilidhani ni zawadi. Likizo nzima watu wa vijiji vyote walinishukuru kwa jina langu kwa wema ulioufanya wewe. Siku mjane alipopata dawa, mtoto akatoka nje akikimbia, maandishi yakasema, "Asante, Kimani." Nilitoka nikaenda kuosha vyombo na haikuwa zamu yangu. Mama alidhani naugua.

Ulivyokuwa pale kwenye stuli ndivyo ulivyobaki. Ulipoajiriwa kusimamia nyumba za kupanga, ulinichukua siku moja hadi mtaa wa Woodley tukaangalie bomba lililopasuka. Nyumba ilikuwa tupu, ufunguo uko mkononi mwako, na bado ukabisha hodi. "Hakuna mtu," nikasema. "Najua," ukasema, ukangoja kidogo ndipo ukafungua. Siku tuliyokuzika wapangaji wako walijaa mpaka barabarani, na kila aliyepewa nafasi ya kusema alilisema hilo hilo, kwamba ulikuwa unangoja ukaribishwe. Mimi nilikaa mbele kabisa nikiwa najivunia kuwa mdogo wako, na bado yule mjane hanitoki akilini.

Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba hukujua, na nilikuonea huruma kwa kubeba kosa langu. Juzi nikamwona binti yangu akicheza mchezo wa aina hiyo kwenye simu. Kabla ya kwenda popote akafungua mfuko, akaanza kuhesabu vitu vyake. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Ngao ilikuwa ndani ya mfuko, dada. Uliiona kabla hujafika kwa mjane. Ulijua tangu mwanzo ni nani, na ukaniuliza kwa upole kama ni wewe uliyebonyeza vibaya. Halikuwa swali. Ulikuwa unabisha hodi kwangu, unangoja niitikie ndipo uingie, na nisipoitikia huingii, kwa sababu hukuwahi kuingia kwa mtu kwa nguvu. Halafu ukampa yule msafiri jina langu, ukanionyesha likizo nzima ningeweza kuwa nani.

Kazi yangu ilikuwa moja tu katika mchezo ule, na siku ile sikuifanya.

Ni mimi niliyebonyeza, Mumbi. Karibu.

Mdogo wako,
Kimani