Ukurasa wa Tisa

Mwalimu,

Leo ni Alhamisi, wiki ya sita tangu tulipokuzika Sirisia. Nakuandikia ndani ya shajara yangu, ile uliyozoea kuicheka: "Wewe unaandika hata chafya!" Basi nimeandika, na sasa naogopa kuisoma.

Jumamosi tunapiga utunzi wako hapa Kitale. Wimbo wa kanisani unaingia ndani ya fidla kama ulivyotaka, bila mtu kuona mshono, na litungu la Mzee Wekesa, kile kinubi cha kwetu, linaupokea. Shida ni ukurasa wa tisa, ulipoweka wimbo wa kumtoa kijana mtoni asubuhi ya kutahiriwa. Unakumbuka Mzee alivyoweka litungu chini?

"Mwalimu, huu wimbo unaita kisu. Ukikiita na hakuna wa kutahiriwa, kitajitafutia mtu, bana."

Ukacheka. "Tukiutoa, Mzee, si tutakuwa tumepika githeri ya mahindi matupu, bila maharagwe?"

Tuliupiga mara tatu. Tarehe zote ninazo. Mara ya kwanza uzi wa litungu ulikatika, ukampasua Mzee mdomo. Mara ya pili mpiga fidla aliteleza kwenye ngazi za ukumbi, akavunjika mkono. Mara ya tatu uliinua mkono tuongeze sauti, ukasema, "Joto limezidi humu," ukaketi. Hukuinuka tena.

Mimi ndiye niliyeunakili ukurasa ule. Nilijua mwiko, Mwalimu. Nilinyamaza kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri mno.

Mwanangu Simiyu anatahiriwa Agosti. Ameshaanza kuzunguka na njuga, akialika wajomba. Jana alipita mazoezini, akaziweka sakafuni, akakaa. Tulipofika ukurasa wa tisa niliwaashiria wote wanyamaze, tuuruke. Katika kimya kile njuga zikalia, kwa mapigo yaleyale uliyoyaandika.

"Sijagusa, baba," akasema. Mikono yake ilikuwa magotini. Niliiona.

Nisamehe. Nimeung'oa ukurasa huo. Kesho naupeleka Sirisia, niufukie upande wa kichwa chako. Jumamosi watu watakula githeri bila maharagwe.

Nakuahidi hivi: Agosti, Simiyu akitoka mtoni, tutauimba, mara moja, mahali pake, na sauti yangu utaitambua. Lala, Mwalimu wangu. Ukurasa ukikufikia, ushike tu. Mpaka asubuhi hiyo, nakuomba, usimpe mtu yeyote huko ishara ya kuanza.