Hita Uliyoiziba, Kaka Hamadi

Kaka Hamadi,

Shikamoo yako leo siiandiki. Nimejaribu, mkono umekataa. Najua shangazi na wajomba watashtuka, maana Mama alitulea tukijua kwamba mdogo hafungui kinywa mbele ya mkubwa kabla ya kumwamkia. Watashtuka zaidi kuona nimeiweka barua hii hapa, kwenye kundi la ukoo, badala ya kukutumia peke yako. Lakini mlango huu umeufungua wewe. Ni wewe uliyeweka sauti yako hapahapa juzi, ukicheka: "Rehema kanunua pipa la kuogeshea ng'ombe! Ndiyo mambo ya kumwachia mwanamke nyumba." Watu wakacheka nawe. Mimi nilikuwa namlisha Mama uji kwa kijiko, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Akaisikia sauti yako, uso ukamng'aa. "Hamadi huyo? Anasemaje?"

Nikamwambia unasalimia.

Sasa nakujibu mbele ya hao hao uliocheka nao.

Unaikumbuka siku tulipoihamia nyumba hii ya Al Twar? Vyumba viwili, ua mdogo wenye vigae vilivyopasuka, na bafu lisilo na hita. Mwenye nyumba alisema hita ni juu yetu. Ilikuwa Januari, na Mama ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Unguja, hajui kwamba Dubai nayo ina baridi. Aliingia bafuni, tukasikia ukelele, akatoka amejifunga khanga anatetemeka: "Maji gani haya, ya kuoshea maiti?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ulikwenda madukani Deira ukarudi na hita begani, ndogo, nyeupe, umeibeba kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ukaifunga mwenyewe juu ya dari la bafu, umepanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mimi nimekushika miguu usianguke. Mama akaoga wa kwanza. Alipotoka alikuombea dua ndefu pale pale mlangoni, maji yanamtiririka.

Nilikupenda siku ile, kaka. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akasema Rehema hana shukrani. Ni wewe uliyetangulia katika mji huu ukatuvuta sote. Ulinifundisha kuvuka barabara, kumjibu madam bila kuinamisha kichwa, kusema khalas pale kazi inapokwisha na wao bado wanaongeza. Ulimfundisha Mama kwamba wakati wa joto hita inazimwa, kwa kuwa maji ya tangi la paani yanachemshwa na jua, na yale yaliyotulia ndani ya hita ndiyo ya baridi. Mama aliona huo ni ujuzi mkubwa. Aliwahadithia majirani zetu wa Unguja kwa simu: "Huku mambo kinyume! Bomba la moto ndilo la baridi, Hamadi kanionyesha."

Pengine ndipo ulipoharibika. Tulikusifu mno.

Maana ilipoanza kuvuja ile vali ndogo chini ya hita, doa la maji likatanda kwenye dari, nilikwambia tuite fundi. Ulikuwa unakula. Hukuinua hata macho. "Fundi ni mimi." Nikasema, kaka, kile kitundu hakikuwekwa bure, mtengenezaji hatoboi chuma kwa kujifurahisha. Ukaniambia, "Rehema, wewe pika." Shemeji yako Khamis alikuwepo. Binti yangu Nasra alikuwepo. Mama alikuwepo. Nikapika.

Ukapanda juu, ukakiziba kitundu kwa bolti na utepe mweupe wa mafundi, ukashuka unajifuta mikono. "Khalas. Haivuji tena." Na kweli haikuvuja. Ukalipaka dari rangi, doa likapotea, na miezi michache baadaye ukasafiri kwenda Kanada kwa mke na kazi mpya. Tukakusindikiza kwa machozi. Ukatuachia bomu juu ya vichwa vyetu, limepakwa rangi nyeupe.

Sasa wasikilize wote wanaodhani Mama aliungua kwa chai.

Haikuwa chai, shangazi. Haikuwa birika, mjomba. Mama ndiye aliyewaambia hivyo, nami nikamwachia kwa sababu aliniomba. Leo siwezi tena.

Ilikuwa mchana, karibu na adhuhuri. Khamis yuko kazini, Nasra yuko shule. Mama alikwenda bafuni kutawadha. Mnajua hawezi kusimama muda mrefu, ana kigoda chake cha plastiki anachokalia palepale chini ya hita, karibu na bomba. Nilisikia bomba likikohoa, kisha sauti kama ya mafuta yanayomwagiwa maji, kisha Mama: "Rehema! Yananitemea moto!" Nikamkuta mkono wake wa kulia umeshabadilika rangi, na bomba linatoa mvuke. Nikamvuta. Alikuwa anataka kurudi kufunga bomba, Mama yule, anasema maji yanapotea bure. Nikamkokota mpaka jikoni, nikauweka mkono chini ya maji ya chupa za friji, namimina moja baada ya nyingine, huku yeye ananiambia nisiyamalize ya mtoto.

Hapo ndipo hita ilipopasuka.

Sina namna ya kuueleza ule mlio. Sakafu ya jikoni ilitikisika. Mlango wa bafu ulifunguka wenyewe, likatoka wingu la mvuke na vumbi la dari. Nilipochungulia, dari lote lilikuwa chini, na lile pipa la chuma limelala limepasuka ubavu. Chini yake kulikuwa na kigoda cha Mama. Kimekuwa vipande.

Soma tena hapo, Hamadi. Kigoda cha Mama.

Nilikupigia kutoka hospitali. Hukupokea. Nikapiga tena, hukupokea. Jioni ukatuma sauti fupi, upepo unavuma nyuma yako: "Poleni sana. Hita zikizeeka ndivyo zilivyo. Nunua ileile, ndogo, usidanganywe na watu wa maduka." Hukuuliza ni mkono gani. Hukuuliza kama anaweza kulala.

Wasswa alikuja kuondoa mabaki. Ni Mganda, anafanya matengenezo ya majengo, jirani yetu ndiye aliyetuletea. Alichokonoa chuma kile kwa muda, akakata kitu kwa koleo, akaja nacho sebuleni kwenye kiganja. Ile vali, na bolti lako limo bado, na utepe wako mweupe umekuwa kahawia.

"Nani alifunga hapa?" aliuliza. "Hapa ndipo nguvu ya mvuke inatokea nje maji yakichemka kupita kiasi. Kile kinachozima umeme kimekufa, maji yamechemka, yamechemka, hayana pa kupumulia. Huyu mtu alitaka kuwaua?"

Nikafungua kinywa nimjibu kwa jina lako. Mama, amelala kwenye kochi, mkono umeegemezwa kwenye mto, akaniwahi. "Ni fundi mmoja wa mtaani, mwanangu. Alipita zamani. Keshaondoka."

Wasswa akatikisa kichwa, akamlaani huyo fundi wa mtaani. Alipotoka, Mama akanishika kwa mkono mzima. "Usimwambie kakaako kuhusu hilo bolti. Yuko mbali, peke yake, ataumia." Na watu wakipiga kumpa pole, akawaambia kamwagikiwa na chai.

Mimi nilikwambia. Nilikutumia picha ya vali. Niliona umeifungua. Ulichonijibu, siku ya tatu, ni hili: "Hita umeshanunua?"

Basi nilikwenda Deira. Nilitaka nichague mwenyewe, taratibu, kwa kuuliza. Nimeoga maji ya ile hita yako ndogo miaka yote kwa zamu: wewe, kisha Khamis, kisha Mama, kisha mtoto, na mimi ninapoingia bomba linatoa baridi tupu. Mnisamehe kwa kulitaja, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Muuzaji alikuwa kijana Mkenya, mchangamfu. Akanionyesha zile zisizo na pipa, zinazochemsha maji yanapopita, akasema ni nzuri ila zinakula umeme kwa nguvu na nyaya za nyumba kongwe huenda zisizimudu. Akanionyesha za pipa, ndogo na kubwa. "Mko wangapi kwa nyumba, dada? Kuna mzee? Basi hii ndogo itawasumbua, believe me." Nilikuwa nayasikiliza hayo vizuri, naelewa, nafurahi hata, na hapo simu ikalia. Wewe. Hukupokea Mama akiungua, lakini dukani ukanipata.

"Uko dukani? Mpe simu huyo mtu."

Nami, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikampa.

Mkazungumza wanaume wawili, mmoja anayajua maduka ya Deira na mwingine anaitazama theluji dirishani. Nilimsikia akisema, "Sawa boss. Sawa, nimekuelewa boss." Akanirudishia simu imekatwa, akaanza kuifunga kamba ile ndogo kabisa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Boss amesema hii."

"Boss yuko Kanada. Anayeoga ni nani?"

Akacheka kidogo, akidhani natania. Akatazama uso wangu, akaacha kucheka. Sijui nilitoa wapi sauti ile, duka zima liligeuka. Nikamwambia airudishe alikoitoa. Nikamwambia nataka ile kubwa ya pipa, na nataka anionyeshe vali yake kwa kidole, anieleze maji yakizidi moto yatatokea wapi na yataelekea wapi. Akanieleza. Nikamtaka aeleze tena, nami nikamrudia kwa maneno yangu mpaka akasema, "Sawa kabisa, dada."

Wasswa ameifunga ukutani, nje ya dari, mahali ninapoiona nikifungua mlango. Mwenye nyumba amekubali. Kwenye vali kuna kibomba kinachoshuka mpaka kwenye shimo la maji machafu. Inadondosha tone moja moja inapochemsha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hakuna mtu atakayeiziba. Si wewe ukija, si Khamis, si mwenye nyumba. Hilo ndilo pipa lako la kuogeshea ng'ombe, Hamadi. Ng'ombe wenyewe ni mama yako.

Na hata hivyo haogi. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi ya maneno yako. Maji yapo, ya moto, ya kututosha sote, na Mama haingii bafuni. Anasimama mlangoni anaitazama ile hita ukutani, anasema, "Kesho." Namwogesha kwa beseni chumbani, kama nilivyomwogesha Nasra alipokuwa mchanga. Ngozi mpya chini ya bendeji ni nyembamba na inang'aa, na vidole viwili bado havikunji. Daktari anasema huenda vikarudi. Yeye mwenyewe ananiambia haviumi, kisha namwona anakunja uso akidhani simwangalii.

Nina hasira nawe ambazo sijawahi kuwa nazo juu ya mtu. Nina hasira kwa bolti, na kwa "wewe pika", na kwa picha uliyoifungua ukaifunga. Nina hasira kwamba Mama alipomeza uongo kwa ajili yako, wewe ulikuwa unawachekesha watu. Sikutaki radhi kwa kuyasema mbele ya ukoo. Mama atanikasirikia, nami nitavumilia hasira zake, ninazijua, hazikai.

Usinipigie mimi. Sina la kuzungumza nawe kwa sasa, na mambo ya hita yamekwisha. Mpigie yeye. Kila asubuhi anauliza, "Hamadi kapiga?" na kila asubuhi namtafutia sababu: kazi, saa za huko, baridi. Sababu zimeniishia. Mpigie leo, muulize mkono wake unaendeleaje, kisha unyamaze, na umsikilize mpaka amalize.

Mdogo wako,
Rehema